Kabla Hujaivunja Baraza ya Mbele

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Nimeambiwa fundi keshapima, na kwamba kazi ya kwanza ni kuivunja baraza ya mbele ipatikane fremu ya duka. Nyumba nyingi za Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe wa Unguja, zimo katika shauri hilo hilo, ndiyo maana nakuandikia hadharani, wenzio nao wasome.

Neno lenyewe, baraza, unalijua tangu chuo cha Kurani, ila hukulitambua. Katika Sura Ibrahim tunasoma "wa barazuu lillahi jamian": watatoka wote, wajitokeze mbele ya Mwenyezi Mungu. Mzizi ni huo huo. Kwa Kiarabu, baraza ni kutoka nje, kuwa mahali pa wazi ukaonekana. Oman wana barza, kikao ambacho mtawala au liwali hukaa kusikiliza mashitaka ya watu. Kwetu Kiswahili kimelipa neno kazi mbili: kikao cha watu, na lile jiwe lililoshikana na ukuta wa nyumba wanapokalia.

Kutoka hapo limekwenda mbali. Kenya chifu huita baraza, watu wakakusanyika uwanjani. Unguja tuna Baraza la Wawakilishi tangu 1980. Kuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Idd, hata Baraza la Usalama kule New York. Rais akivunja Baraza la Mawaziri, nchi nzima haizungumzi jingine. Yako wewe itavunjwa asubuhi moja kwa nyundo na sururu, na hakuna atakayetangaza.

Usiniambie watu watakwenda maskani. Maskani ni kitu kingine. Pale hukaa marafiki waliochaguana, mara nyingi wa rika moja au chama kimoja, na asiyekuwa wao hupita akatoa salamu tu. Barazani hakuna kuchaguana. Ukuta ni wa mwenye nyumba, kikalio ni cha yeyote aliyechoka. Mzee anayetoka msikitini hukaa bila kubisha hodi. Muuza kahawa huteremsha mdila wake. Jioni sisi wanawake tulisuka ukili pale, na habari za mtaa zilitufikia kabla hazijamaliza kona. Na siku ya msiba, mdogo wangu, wanaume wangekaa wapi? Kabla jamvi halijapatikana, baraza ilikwishawapokea.

Mtu aliyeijenga nyumba ile hakuwa na ardhi ya kuchezea. Alipunguza kiwanja chake mwenyewe akawapa watu wasiomhusu mahali pa kukaa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba tunakitwaa kitu ambacho kilishatolewa.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na huko huwezi kubomoa ukajengea unavyotaka bila kibali. Wageni hupiga picha baraza za mawe na chokaa, na masika vichochoro vikijaa maji watu hupita juu yake. Za kwetu Ng'ambo ni fupi, za saruji, nyingine zimemeguka pembe. Hazipigwi picha. Lakini kazi yake ni ile ile, na wa kuzilinda ni wenye nyumba peke yao.

Najua fremu ina kodi na watoto wana ada. Sikukatazi duka. Chumba cha mbele cha mkono wa kulia kimejaa magunia na vitanda vibovu tu. Kitoe dirisha, uweke mlango, hicho ndicho kiwe fremu, na mlango ufungukie barazani. Mpangaji wako atapata wateja waliokwishakaa. Pale palipomeguka papigwe plasta upya, na saruji ya plasta nitainunua mimi. Mwambie fundi asubiri hadi Ijumaa, nitakuja tupime pamoja.

Dada yako