Acheni kusifu kuta zilizochunwa

Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma gazeti lenu bila kuwaandikia. Makala yenu kuhusu makanisa ya kale ya vijijini Uingereza imenishinda kuvumilia. Mwandishi amesifu ukuta uliokwanguliwa lipu hadi jiwe likaonekana, eti ndiyo sura ya zama za kati, na mnara ulioimarishwa kwa saruji. Yote mawili ni uharibifu.

Mwashi wa zama zile aliweka mawe ya kuchonga kwenye pembe, matao na madirisha. Kwingine alijaza mawe ya ovyo na gumegume (jiwe gumu la kutoa cheche), kisha akapiga lipu ya chokaa na wachoraji wakaipaka rangi. Juu ya upinde wa kuelekea madhabahuni mara nyingi ilichorwa Siku ya Hukumu. Katika Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, Waprotestanti walipojitenga na Roma, michoro hiyo ilifunikwa kwa chokaa, na chokaa ikaihifadhi. Kule Wenhaston, Suffolk, mbao zilizoziba upinde, zilizokuwa zimepakwa chokaa, ziling'olewa mwaka 1892 zikaachwa uani. Mvua ikaosha chokaa, Hukumu ikatokea. Hadi leo katikati ya rangi pana nafasi tupu zenye umbo la msalaba, Maria na Yohana, mahali sanamu ziliposimama. Kwingine lipu ilikwanguliwa na michoro ikaondoka na vifusi. Msanii wa Kiingereza William Morris na wenzake walianzisha chama chao cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877 kupinga ukwanguaji huohuo mnaousifu.

Kuhusu saruji, niseme wazi. Ukuta wa kale hunywa mvua na kuitoa kupitia viungo vya chokaa vilivyo kati ya mawe, kwa kuwa chokaa ni laini kuliko jiwe. Saruji ni ngumu na haipitishi maji. Maji huingia kwenye nyufa nyembamba, yakakosa njia ya kutokea isipokuwa kwenye jiwe lenyewe. Chumvi hugeuka fuwele ndani ya jiwe, baridi huyagandisha maji, uso wa jiwe unabanduka vipande, na saruji inabaki imetokeza nje kama mbavu. Katika kanisa moja nililoitwa kulikagua, ncha ya kisu ilizama kwenye jiwe huku saruji haikwaruziki, na msimamizi bado alinionyesha saruji ile kwa fahari!

Kosa hilohilo linaua nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar. Mawe ya matumbawe na chokaa hupigwa lipu ya saruji, unyevu unafungiwa, vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta, dari inashuka. Wenye nyumba hizo wanawasoma ninyi.

Basi chapisheni maelekezo haya mahali palepale palipokaa makala. Saruji itolewe kwa nyundo na tindo, si kwa grenda, maana grenda hukata kingo za jiwe. Kiungo kichimbwe kina mara mbili ya upana wake, kisafishwe, kiloweshwe. Chokaa sehemu 1, mchanga mkali (wenye chembe za kingo kali) sehemu 3, kwa tabaka zisizozidi sentimita 1 hivi. Kifunikwe kwa magunia yenye unyevu, kisikauke haraka. Na Uingereza kazi ikomeshwe kabla ya baridi kali, kwa sababu chokaa changa ikiganda humomonyoka yote.

Mwashi wa majengo ya kale, Norfolk