Majenerali wasigeuzwe wapiga debe wa vita

Mhariri,

Naandika kuhusu hii tabia ya wanasiasa kujificha nyuma ya majenerali wakitaka wananchi wakubali vita. Marekani wameifanya sana, Aprili 1967 Rais Johnson alimleta Jenerali Westmoreland, kamanda wa majeshi yao Vietnam, akahutubia Kongresi (bunge lao), watu wakaaminishwa mambo yanaenda vizuri, Januari 1968 mashambulizi ya Tet, ya wakomunisti waliokuwa wanapigana na Marekani, yakalipuka miji kibao ya Vietnam Kusini, halafu 2007 ikawa zamu ya Jenerali Petraeus, kamanda wao Iraq, kuitetea vita ya huko mbele ya Kongresi.

Shida ni kwamba mtu mwenye magwanda na medali kifuani ukimuuliza swali unaonekana huna uzalendo (ndo maana anatangulizwa yeye). Jenerali aitwe bungeni aeleze hali ya mapigano, sawa, lakini kwanini tunapigana na mpaka lini, hilo ajibu rais mwenyewe.