Mwanangu, si maji yako

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Juzi kwenye simu ulicheka ukasema, "Mama, mie mpaka leo najua ni mimi niliyekuunguza mguu." Nami nikacheka. Tukahamia kwenye bei ya nepi, vocha ikaisha. Usiku sikupata usingizi. Nimekusuka, nimekusomesha, nimekuoza, na miaka yote hiyo 21 sikujua kwamba umebeba jambo hili. Kwenye simu nitasahau nusu, ndiyo maana naandika. Usome umekaa, ila usikae sana.

Mwaka 2004 ulikuwa na miaka saba. Mdogo wako alitolewa kwa operesheni, siku ya nne nikaruhusiwa, na bibi yako Mungu amrehemu akanipokea kama mzazi anavyopokewa kwetu pwani. Madirisha yamefungwa, udi unafuka, tumboni mkaja, asubuhi uji wa pilipili manga, jioni mchuzi wa pweza. Na maji ya moto. Mchukuzi wa maji ulikuwa wewe. Nakuona mpaka leo ukitoka jikoni na lile beseni la bluu, ulimi nje kwa kujitahidi usimwage, unalitua mlangoni, bibi analivuta ndani. Anachovya kanga, anaikamua, ananikanda. Kwa kuwa nilikuwa na mshono, tumbo aliliacha, hamu yake yote akaimalizia mgongoni na miguuni. Baada ya hapo nalala. Mzazi kazi yake kulala, ndivyo tulivyofundishwa.

Siku ya kumi na moja niliamka na maumivu kwenye shavu la mguu wa kushoto, kama msuli uliokaza ukakataa kuachia. Bibi akasema baridi imeingia, yaletwe maji ya moto zaidi. Ukaleta ya moto zaidi. Asubuhi yake mguu ulikuwa umevimba kutoka kwenye kifundo mpaka pajani, ngozi imevutika inang'aa kama embe dodo. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Wewe ulisimama mlangoni ukautazama, ukakimbia. Leo ndiyo nimeelewa ulichokimbia. Jioni maji ya moto, asubuhi mguu umevimba: kwa mtoto wa miaka saba hesabu hiyo imekaa sawa kabisa.

Lakini jibu silo. Sikia nilivyoelezwa baadaye. Mwili wa mjamzito hujiandaa mapema kwa siku ya kuzaa, na moja ya maandalizi yake ni kuifanya damu iwe tayari zaidi kuganda, ili kondo la nyuma likibanduka mama asiishe damu. Rehema tupu. Ila ukiongeza kisu cha operesheni, ukaongeza na kulala siku kumi na moja bila kutembea, damu ya miguuni inapanda polepole, na pale inapozubaa ndipo inapoganda. Kwa wajawazito na wazazi mara nyingi huwa mguu wa kushoto, maana mshipa unaorudisha damu ya mguu huo hupita chini ya mshipa mkubwa unaopeleka damu mguu wa kulia, ukabanwa pale kiunoni. Bonge langu la damu iliyoganda lilikuwa huko juu, ndani, kwenye mshipa mkubwa wa paja. Beseni lako lisingeweza kufika huko hata ungelichemsha kutwa nzima. Na maumivu yalianza kabla ya yale maji ya moto zaidi, hilo nalikumbuka vizuri.

Kilichokuwa hatari ni kule kukandwa kwa nguvu mguu ambao tayari una bonge, kwa sababu kipande kinaweza kumeguka kikapanda mapafuni. Bibi hakujua. Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne sikujua. Muuguzi aliyenipa karatasi ya kutoka wodini hakusema neno. Sina kinyongo na marehemu. Mikono ile ndiyo iliyonilea.

Majirani walikuja na majibu yao. Wengi walisema matende, na kwetu Tanga mguu ukivimba nani atafikiria kingine? Mmoja akasema kijicho, kwa kuwa nimepata mtoto wa kiume. Kwenye zahanati moja nilichomwa sindano ya maumivu, diklofenaki, nikapewa vidonge vya usaha, nikaambiwa nikapumzike. Nikarudi kupumzika, yaani nikaongeza lilelile lililoniumiza.

Usiku wa siku ya kumi na nne nilichomwa ubavuni kila nikivuta pumzi. Wakasema kichomi, kumbe bonge limeshafika mapafuni. Moyo ulikuwa unakimbia kama wa kuku aliyeshikwa, na mimi nimelala tu. Baba yako hakungoja kukuche. Ulichokiona wewe ni mama anaingizwa kwenye teksi, mguu mmoja kiatu, mguu mwingine kandambili ya baba, kwa sababu kiatu changu kilikataa kuingia. Tukaondoka na mtoto mchanga, ukabaki. Hakuna aliyekukalisha chini akakueleza. Hapo nakuomba radhi, mwanangu.

Hospitalini alikuwepo daktari kijana, mwembamba, macho mekundu kwa kukesha. Alitafuta futi ya kupimia mguu, wodi nzima haikupatikana. Nikamwambia afungue mkoba wangu. Fundi cherehani hatembei bila futi. Akapima shavu la mguu wa kulia, sentimita 35. La kushoto, 41. Akaniuliza nimezaa lini, nimezaa vipi, kisha akakaa kimya akiitazama ile futi yangu ya njano kama anasoma barua. Ndiye mtu wa kwanza aliyenikataza kuguswa mguu ule.

Kipimo chenyewe nilifanyiwa Dar, kile cha ultrasaundi. Wanapaka mafuta ya baridi kinenani, wanabonyeza. Mshipa mzima ukibonyezwa hulala bapa, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Nililaza kichwa pembeni nikaiona skrini: duara la mguu wa kulia linafumba na kufumbua kama jicho. La kushoto limekodoa, halifumbi.

Nikakaa Dar kwa mama yako mdogo. Kwanza sindano za heparini, pamoja na vidonge vya warfarini, mpaka vidonge viliposhika kazi sindano zikaachwa. Mimi nilidhani dawa inayeyusha bonge. Kumbe inalizuia lisikue na mengine yasizaliwe. Kuliyeyusha ni kazi ya mwili wenyewe, na mwili hauna haraka. Vidonge nilimeza miezi sita. Nilikuwa napimwa damu mara kwa mara, kipimo wanakiita INR, walitaka kicheze kati ya 2 na 3. Chini ya hapo bonge linaweza kurudi, juu ya hapo unaogopa kutokwa damu. Kuna shoga yangu alinikataza mchicha na kisamvu kabisa. Mtaalamu wa dawa akasema kula, ila kwa kipimo kilekile kila wiki, usikae bila mboga siku kumi halafu siku moja ukamaliza sufuria. Siku moja tumbo lilinisokota nikanunua flajili duka la dawa bila kuuliza mtu. Siku chache baadaye napiga mswaki, mate mekundu, ufizi mzima unavuja. Kumbe dawa ile inaizidishia warfarini nguvu. Na wale walioniambia nimwachishe mdogo wako ziwa nisimnyweshe sumu, waliambiwa na daktari mbele yangu kwamba dawa zote mbili mama anayenyonyesha anaruhusiwa. Aliendelea kunyonya, na unamwona alivyo pande la mtu.

Maumivu? Watu wanauliza uvimbe, hawaulizi maumivu. Kulala kulikuwa nafuu. Kushusha mguu kitandani ndiyo kiama. Damu ikiteremka, mguu unajaa kama gunia linalotiwa mchanga, unahisi ngozi itapasuka. Wiki za mwanzo nilikuwa nalia kabla ya kwenda msalani, si baada. Halafu siku moja, sijui ya ngapi, nilifika msalani nikagundua sikulia.

Kilichochelewa kupona kuliko mguu ni woga. Hili sijamwambia mtu, hata baba yako. Kila nikibanwa na msuli, najua limerudi. Kila nikipanda ngazi nikahema, najipima mapigo ya moyo. Nilikuwa naamka usiku wa manane nahesabu pumzi zangu kama mtu anayehesabu fedha za watu. Ulikuwa unaniona nimekaa kitandani taa imezimwa, ukadhani naswali.

Dawa ya woga ule ilikuwa cherehani. Nilivyorudi Tanga daktari alisema nitembee, na nikikaa nichezeshe vifundo vya miguu, kwa sababu shavu la mguu ndilo pampu inayorudisha damu juu. Nikamwambia mimi ni fundi, cherehani yangu ya kukanyaga. Akacheka sana. Akasema basi una pampu nyumbani. Nikaanza dakika kumi, nikafika saa, kila saa nainuka nazunguka uani. Na kila Ijumaa napima miguu yote miwili kwa futi ileile, naandika nyuma ya daftari la wateja. 41. 40 na nusu. 40. Ikakaa 39 miezi mingi mpaka nikaichukia. Soksi za kubana nilizivaa kwenye joto la Tanga, watoto wa mtaani wakaniita mcheza mpira. Mpaka leo mguu huo jioni huwa mzito, na juu ya kifundo kuna weusi usiotoka. Mshipa ulioziba ukazibuka hauwi tena kama ulivyoumbwa.

Sasa tuje kwako na mimba yako. Bonge langu lilikuwa na sababu, lakini mtu mwenye mzazi au ndugu aliyewahi kulipata hatari yake inazidi kidogo ya wengine. Kliniki ijayo usingoje waulize. Sema: mama yangu aliganda damu mguuni wiki mbili baada ya operesheni, ikamfika mapafuni. Hakikisha wanaandika kwenye kadi. Wakiona inafaa watakupa sindano za heparini, hazivuki kumfikia mtoto. Warfarini ndiyo haifai ukiwa na mimba. Na ukishazaa, ukifikiria uzazi wa mpango, rudia maneno yaleyale kabla hujapewa vidonge vya majira, kwa sababu vile vyenye homoni mbili vinasaidia damu kuganda. Mimi waliniwekea kitanzi.

Wakikuona unajifanya daktari, sema tena. Serena Williams, yule wa tenisi, aliwahi kupata bonge mapafuni mwaka 2011. Mwaka 2017 alijifungua kwa operesheni, kesho yake akakosa pumzi, akamwambia muuguzi wazi kipimo anachotaka na dawa anayotaka. Muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemvuruga. Aling'ang'ania mpaka wakapima, wakakuta mabonge mapafuni. Na yule ni Serena, dunia nzima inamjua. Sembuse mwanangu kwenye foleni ya kliniki na kanga yake.

Wiki sita baada ya kuzaa ndizo zinazotisha kuliko hata mimba yenyewe. Wiki sita ni siku 42. Hebu tazama: ndiyo arobaini yetu! Siku zilezile tunazomlaza mzazi ndizo anazohitaji kuinuka. Arobaini sitaitupa, usiogope. Uji utakunywa, pweza nitamtafuta hata huko Dodoma, mkaja tutafunga kama mshono unaruhusu. Ila madirisha yatakuwa wazi, maji utakunywa mengi, na kila saa utatoka chumbani mpaka uani na kurudi. Wifi zako wakisema nakutesa, waje kwangu. Na mguu mmoja ukivimba au kuuma kuliko mwenzake, hakuna maji, hakuna mafuta, hakuna mkono wa mtu. Ni hospitali. Ukichomwa kifuani au ukikosa pumzi, hata iwe saa nane ya usiku.

Nimesema Dodoma, umeona. Najua mimba ya kwanza mtoto hurudi kwao, na baba yako ameshapaka chokaa chumba. Lakini kukukalisha kwenye basi kutwa nzima na tumbo la miezi minane, nimekataa. Nitakuja mimi. Nitapanda basi Kange mpaka Dar, nilale kwa mama yako mdogo, asubuhi nipande SGR. Kwenye treni ile mtu anasimama akatembea kwenye njia bila kondakta kumfokea. Mguu wangu unaijua safari kuliko wewe.

Beseni la bluu lipo. Lilipasuka kitako, nimeoteshea mchaichai. Sitakuja nalo. Nakuja na futi ya njano, namba zake nyingi zimefutika lakini 30 mpaka 45 zinasomeka. Ijumaa iliyopita: kulia 35, kushoto 36 na nusu. Wewe nawe pima miguu yako yote miwili leo, uniandikie namba kwenye simu.

Mama yako