Asumini na petroli: barua kwa mwanangu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, goti la mama yako limetulia kidogo tangu mvua zikatike. Juzi uliponipigia ukasema mkeo amejiachia, kutwa dera moja lenye maziwa begani, na kwamba hamu naye imekutoka, nilinyamaza. Si kwamba nilikosa la kusema. Mama yako alikuwa pembeni anachambua mchicha, na masikio yake unayajua.

Nikuulize, baba. Yule binti kabla hajaingia ndani mwako alikaa na somo wake siku saba. Akasingwa kwa liwa na dalia, akatiwa hina, akafundwa namna ya kukupokea, kukukanda, kukufukizia nguo. Wewe tulikufunda nini? Tulikuvika joho na kilemba, tukakushikisha upanga, tukakupigia dufu mpaka mlangoni kwao. Basi. Na mimi baba yangu alinifanyia vivyo hivyo.

Ulikuwa darasa la pili, kazi ya mashine za boti pale Deep Sea imenichanganyia. Narudi usiku, oili mpaka viwikoni, nanawa vidole, nakula, nalala. Siku moja nikashtuka kuwa chumbani hamnukii. Mama yako tangu nimuoe hakukosa kikuba: asumini, mrehani, kipande cha mkadi, akipata kilua anatia, anafunga kwa uzi na kubana kwenye nywele. Nikamuuliza, tena kwa ukali, kama mtu aliyeibiwa. Hata kichwa hakuinua. "Nimvalie nani, fundi? Asumini na petroli, wapi na wapi!"

Nilinuna siku tatu. Ya nne, kabla sijatoka kazini, nikaenda bombani na sabuni ya unga, nusu ya ndimu na chicha la nazi nililoomba kwa mama lishe. Nikasugua mikono mpaka ikawasha, kucha nikazichokonoa kwa njiti ya kiberiti. Wenzangu wakasema nimelishwa limbwata. Nikavaa shati safi, nikapitia asumini za kununua, nikabisha hodi kwangu kama mgeni. Mama yako akanitazama toka utosini mpaka miguuni, akauliza, "Kuna msiba?"

Zile asumini akaziweka kwenye sahani, hakuzivaa. Kesho yake pia hakuzivaa. Nakwambia hili usije ukaoga mara moja ukasubiri malipo. Ulikwenda karibu mwezi mzima, kila jioni bomba na ndimu, ndipo nikaamka asubuhi moja na ua lililopondeka shavuni. Hayo mengine si ya kumwandikia mtoto.

Baadaye sana nikamsikia shehe akieleza kuwa Ibn Abbas, binamu yake Mtume, amepokewa akisema anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Nikajiuliza mbona miaka yote hiyo msikitini hapa nasikia nusu ya pili tu.

Sasa lile la maziwa. Mtoto ana miezi mitano, ananyonya usiku na mchana. Jirani yetu yule mkunga mstaafu alinieleza vizuri: mama anayenyonyesha, homoni ya kutengeneza maziwa hupanda na zile za kike hushuka, hivyo wengi hamu huwapungua, na mwili wenyewe huwa mkavu. Wewe unasema amekuchoka. Hajakuchoka, amechoka. Ukimpokea mtoto saa kumi na moja alfajiri ukazunguka naye ukumbini ili mama alale hata saa moja, hilo kwake litazidi manukato ya dukani. Na usimwambie umefanya. Atajua.

Halafu hilo tumbo lako. Mama yako kaliona kwenye picha ya Idi akasema, "Mjukuu wangu atapata mdogo wake kwa baba." Mimi nilicheka, ila nilikumbuka kuwa mkeo aliolewa na kijana aliyekuwa anacheza mpira Makorora. Naye ana macho, usidhani.

Huko Dar watu wakisikia umeoa Tanga wanakwambia umekwisha, hutoki tena, kana kwamba wanawake wa huku wanazaliwa na dawa mkononi. Wanafunzwa, kisha wanajituma. Ukiona ameacha kujituma, anza kujinusa mwenyewe.

Hilo ulilodokeza mwishoni, la kutafuta wa pili, sikulisikia. Simu ilikuwa inakatakata.

Nimempa kondakta wa basi la alasiri bahasha hii na kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba. Kakipokee mwenyewe stendi, usimtume bodaboda. Ndani mna asumini za mti wa uani, nimezichuma zikiwa vitumba bado. Ukiwahi kuzifikisha nyumbani zitafunguka usiku huohuo. Usiseme zimetoka kwa baba. Na uoge kwanza.

Mama yako ananiita, anasema maji yangu ya kuoga yanapoa.

Baba yako