Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Chake Chake

Assalaam alaykum, wanachama wenzangu.

Hesabu atazisoma Bi Mweka Hazina, kwa hivyo sizigusi, ila wenye michango ya nyuma wajue daftari bado liko wazi.

Kilichotuumiza kichwa mwaka huu ni darasa letu. Tulilianzisha kwa wasichana waliomaliza skuli, nao wakapungua: wengine wamevuka kwenda kusoma Unguja, wengine wameolewa. Waliokuja kupiga hodi ni mama zao. Kikaoni baadhi yetu tukasema darasa si la watu wazima. Hapo ndipo nilipowapa habari ya Patricia McGuire, na kwa kuwa mmeniomba, naiandika.

Alikuwa rais wa chuo cha Trinity, Washington, Marekani. Kwetu tungemwita Makamu Mkuu wa Chuo. Masista wa Kikatoliki walikianzisha mwaka 1897 kwa sababu chuo kikuu cha Kikatoliki cha jirani hakikuwapokea wanawake. Vyuo vya wanaume vilipokuja kufungua milango, mabinti wa wenye nafasi wakahamia huko na Trinity ikapwelea. McGuire, aliyesoma hapohapo kisha akasomea sheria, alikabidhiwa mwaka 1989. Waliokwenda zao hakuwakimbilia. Aliwafuata wanawake wa mji wenyewe, Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati, mama wanaoshinda kazini, na baadaye vijana walioingizwa Marekani utotoni bila ya vibali. Walionuna hawakukosekana. Yeye akaanzisha masomo ya uuguzi, akajenga jumba la michezo, na mwaka 2004 chuo kikawa chuo kikuu. Alistaafu mwaka 2025, miaka 36 kwenye kiti kimoja. (Msiogope, mimi sina nia hiyo.)

Mwenzetu mmoja aliniuliza, sasa tunafuata masista? Nikamwambia, wangekuwa majirani zetu tungekwenda kuwaazima madawati.

Basi tumekubaliana: darasa ni la mama na binti, linaanza baada ya alasiri, na msimu wa karafuu linafungwa. Msimu uliopita mwalimu alifundisha mikeka mitupu huku wanafunzi wote wamekaa barazani wanachambua makonyo. Lile lilikuwa kosa langu, si lao. Madawati tuliyoahidiwa na ofisi moja hayajafika. Mikeka imechakaa, na mwenye mkeka wa ziada nyumbani aniambie leo kabla hatujatawanyika.