Laird Cregar hakujikondesha kwa ajili ya sanaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe makala ya burudani uliyoichapa majuma mawili yaliyopita, ambamo mwandishi wako alimsifu Laird Cregar, mwigizaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1944, kuwa ni msanii aliyejinyima chakula hadi kufa ili auvae vizuri uhusika wa muuaji katika filamu ya Hangover Square. Ningeipita makala hiyo kama nipitavyo nyingine nyingi, lakini imesomwa hapa Bagamoyo na vijana wa kikundi changu cha maigizo, na mmoja wao ameigeuza kuwa somo.

Filamu yenyewe naifahamu, na sina ugomvi nayo. Iliongozwa na John Brahm kwa ajili ya studio ya 20th Century Fox, na inamhusu George Harvey Bone, mtunzi wa muziki mpole wa London ya mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye akisikia sauti kali za kugongana hupotewa na akili, akatenda mambo asiyoyakumbuka anapozinduka. Hofu ya picha hii imo humo: muuaji mwenyewe anahangaika kujua nani ameua. Liko tukio moja nisilolisahau. Ni usiku wa tarehe 5 Novemba, ambapo Waingereza huchoma masanamu ya matambara katika moto mkubwa wa hadharani. Bone anapenya katikati ya umati unaoshangilia, mikononi amembeba mwanamke aliyemnyonga, uso wa maiti umefunikwa kwa kinyago, naye anapanda ngazi hadi juu ya lundo la kuni na kumweka pale. Hakimbii, hatoi macho, hapigi kelele. Mwigizaji asiyejua kazi angetuonyesha shetani. Cregar anatuonyesha mtu anayetimiza jambo aliloagizwa.

Sasa tuje kwenye mwili wake, maana ndipo makala ilipopotoka. Cregar alikuwa pandikizi la mtu, na uzito wake uliwahi kufika pauni 300 hivi, yaani zaidi ya kilo 130. Kwa umbo hilo studio ilimpa majambazi na wauaji, hasa baada ya The Lodger ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Brahm huyohuyo, ambayo ilimpatia sifa kubwa na wakati huohuo ikamfunga. Yeye alitamani nafasi za mwanamume anayependwa, si anayekimbiwa. Akaanza kujipunguza kwa pupa, chakula kidogo na vidonge vya amfetamini, ambavyo huua njaa huku vikiuendesha moyo mbio. Hadithi ya Bone haikumtaka akonde hata kidogo. Alijikondesha ili aachane na kina Bone, wala si ili amwigize mmoja wao vizuri zaidi, na mwandishi wako akageuza habari hiyo chini juu.

Baada ya kazi ya kupiga picha kwisha alifanyiwa upasuaji wa tumbo, kisha moyo ukashindwa, naye akafariki tarehe 9 Desemba 1944 akiwa na umri wa miaka 31. Filamu ilitoka Februari 1945. Waliokwenda kuitazama walimwona marehemu akipiga piano peke yake katika ukumbi unaoteketea, akiukamilisha muziki ambao kwa hakika ulitungwa na Bernard Herrmann.

Watakuwapo watakaosema kwamba uso ule uliosawijika na macho yale yaliyoingia ndani yamemfaa Bone. Nakiri yamemfaa. Lakini hapo tunachokitazama ni ugonjwa wa Cregar, na ugonjwa mwongozaji hawezi kuuagiza urudiwe kesho saa mbili asubuhi kwa sababu taa ilikosewa. Hatua za pale kwenye ngazi, sauti ile ya chini, namna anavyokigeuza kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, hivyo alikuwa navyo hata alipokuwa na kilo zake zote.

Kijana niliyemtaja anaigiza mvuvi aliyerukwa na akili baada ya nduguye kupotea baharini. Tunafanya mazoezi jioni chini ya mkungu, si mbali na soko la samaki. Nilichokiona kwanza ni mkanda wake: ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari wa moto, kingo zake bado zimeungua, na ncha yake ikining'inia karibu na mfuko wa suruali. Nilipomuuliza akanijibu kwa adabu, "Niko sawa, mwalimu, naingia tu kwenye uhusika." Siku ya nne hiyo alikuwa akiishi kwa kahawa chungu na kashata. Hakuwa amefunga, maana aliyefunga ana daku na ana futari. Yeye hakuwa amejiwekea magharibi. Mfukoni alikuwa na vidonge vya kupunguza mwili alivyouziwa mtaani, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, bila jina wala maelezo ya matumizi. (Sikuthubutu kuangalia lilikuwa gazeti gani.)

Nilivichukua vidonge, nikamwambia aazime kanzu ya ami yake, mtu mpana wa mabega. Kijana akiivaa, shingo inaelea ndani ya ukosi na vifundo vya mikono vinaonekana kama vijiti. Tukafanya mazoezi ya kutembea uzito ukiwa visiginoni, na ya kuchelewa kidogo kila anapoitwa, kama ambaye jina lake limemfikia likiwa limechoka. Hayo yote yanafundishika, na yanaweza kurudiwa kila jioni bila mtu kupelekwa hospitali.

Jumamosi iliyopita alipita mama mmoja na beseni la dagaa kichwani, akasimama kumtazama mvuvi wetu akiongea na bahari. Alikaa kimya hadi tukio likaisha, kisha akaniita pembeni na kunilaumu kwamba tunamchezesha mtoto mgonjwa. Mtoto huyo, robo saa kabla, alikuwa ameimaliza sahani ya wali na changu, akaomba na ukoko.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Mwalimu wa maigizo, Dunda, Bagamoyo