Kiraka kilichotumwa na kiraka kilichofika

Miradi ya programu huria huja kwetu na ombi linalofanana: wanataka ukurasa ambapo mchangiaji anaweka kiraka chake (maandishi yanayoonyesha alichobadilisha kwenye msimbo) bila kuhangaika na git send-email, amri ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, inayotuma viraka kwa barua pepe. Ni ombi la haki, kwani usanidi wa barua pepe umewafukuza wengi wenye msimbo mzuri. Shida ni kwamba fomu ikishakamilika hujaribiwa kwa kiraka kimoja kisicho na utata, neno "Kimepokelewa" linatokea, na kazi inahesabiwa imekwisha. Sisi tunaopima fomu hizo ndipo tunapoanzia.

Kiraka ni maandishi yasiyovumilia kuguswa. Mstari ulioongezwa huanza na alama ya kujumlisha, uliofutwa na alama ya kutoa, na ule ambao haukubadilika huanza na nafasi moja tupu. Juu yake huwa kuna kichwa kama @@ -12,7 +12,8 @@, maana yake mistari 7 kuanzia wa 12 sasa imekuwa 8. Hesabu isipolingana na mistari iliyo chini, Git inakataa.

Sasa kibandike kiraka hicho kwenye kisanduku cha maandishi cha HTML. Kivinjari kikituma fomu, kila mwisho wa mstari unakuwa CR na LF (herufi mbili zisizoonekana za kumaliza mstari), hata kama faili la mchangiaji lilikuwa na LF peke yake. Kama alinakili kutoka kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), huenda vichupo vilishageuka nafasi, na Makefile (faili la maelekezo ya kujenga programu) bila vichupo haifanyi kazi. Halafu kwenye seva kuna mtu mwenye nia njema aliyeweka trim(), inayokata nafasi tupu za mwanzo na mwisho, ili kusafisha kinachoingia. Mstari wa mwisho wa kiraka ulikuwa nafasi moja tu. Umefutwa, na hesabu ya kichwa haitimii tena. Mchangiaji anaambiwa "Hitilafu imetokea", anadhani kosa ni lake, anaondoka.

Kwa hiyo tuna fungu la viraka vikorofi: jina la mwandishi lenye herufi za Kichina, faili lisilo na mstari mpya mwishoni, picha, faili lililobadilishwa jina. Kila kimoja tunakibandika, kisha tunakipakia kama faili, halafu tunakipakua upande wa watunza mradi na kulinganisha baiti kwa baiti. Macho hayatoshi hapa, kwa sababu kivinjari hakionyeshi CR. Kisha tunaendesha git apply --check, inayoangalia kama kiraka kitakubalika, juu ya toleo lile lile la msimbo.

Usalama nao una mitego yake. Kiraka kutoka kwa mtu usiyemjua kinaweza kubeba skripti, hivyo lazima kidhibitiwe kinapoonyeshwa. Lakini anayefuta alama za < na > kabla ya kuhifadhi ameshaharibu #include <stdio.h>, mstari wa kawaida katika lugha ya C, na pamoja nayo nusu ya viraka vya C.

Tukiulizwa, tunashauri kupakia faili kuwe chaguo la kwanza na kubandika kuwe la dharura. Kuondoa CR zote kwenye seva si dawa: ipo miradi ambayo faili zake zina CR halali, na fomu haiwezi kujua ipi ni ipi.

Ukitaka tukupimie chombo chako, tupe nakala ya majaribio (si ile inayotumika), akaunti ya mchangiaji na ya mtunza mradi. Tutakurudishia kila kiraka kilichoharibika, kando yake kile tulichotuma, na mstari kilipoharibikia.